Kabla Hamjauza Butura

Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na Julai kahawa ya Bukoba na Muleba iko juani. Pita Kamachumu au Nshamba utaikuta imeanikwa mbele ya nyumba, mama anaigeuza kwa reki, watoto wanafukuza kuku. Mgeni atasema neema imekuja kwa wakati wake: mtoto kafaulu, mavuno yapo, chuo kinafunguliwa Oktoba au Novemba. Mwenyeji anajua kwamba sehemu ya kahawa ile ilishapata mwenyewe tangu Februari. Iliuzwa butura. Mnunuzi alikuja ikiwa bado ya kijani mtini, akatoa fedha ya haraka, akahesabu miti yake akaondoka, na sasa anasubiri magunia. Serikali ya mkoa inaipiga marufuku butura kila msimu, na kila msimu inafanyika kimyakimya baina ya watu wanaojuana, kwa sababu mwenye shida hawezi kusubiri mnada.

Zamani ukiuliza kwa nini fulani kauza butura, ungeambiwa msiba au ugonjwa. Siku hizi chuo nacho kimeingia katika orodha. Mtoto anatakiwa kuripoti, mkopo umetoka nusu au haukutoka kabisa, na baba anauza mavuno ya mwaka ujao kwa bei ya kutupa. Mwaka ujao ukifika, ada ya mwaka wa pili inadaiwa na miti haina chake.

Leo nasema na wanafunzi wenyewe, ninyi mlioko kidato cha nne, cha tano na cha sita. Mzigo wa Novemba mnaweza kuupunguza tangu sasa, mkiwa bado na sare za shule. Na kinachowakwamisha wengi wenu siyo kutojua taratibu, maana taratibu zinaulizika. Kinachowakwamisha ni aibu, yenu na ya wazazi wenu.

Tuanzie nyumbani. Katika nyumba zetu mtoto hamuulizi baba ana shilingi ngapi. Ni adabu, wala siibezi. Lakini adabu hiyo imezaa jambo la ajabu: kijana anajaza fomu ya chuo cha Dar es Salaam, kozi ya miaka mitano, bila kujua kama nyumbani kuna deni la chama cha akiba, kama kibanja kimewekwa rehani, kama yule ng'ombe aliuzwa kwa ajili yake au kwa ajili ya matibabu ya bibi. Baba naye anaona fahari kusema, "Wewe soma tu, mengine niachie." Wote wawili wanapendana, na wote wawili wanafichana.

Uliza, lakini uliza kwa heshima na kwa wakati unaofaa, jioni baba akiwa ametulia. "Taata, naomba kuuliza jambo, lisikuudhi. Nikifika chuo, kwa mwezi mtaweza kunitumia kiasi gani bila kugusa kibanja?" Sema hivyo hivyo, bila kugusa kibanja, maana hapo umemwonyesha kwamba unajua makaburi ya babu zako yako wapi. Huenda akanyamaza. Huenda akakwambia hayo si ya watoto. Usibishane naye. Pitia kwa mama, au kwa shangazi ambaye baba humsikiliza. Jibu likija, hata likiwa "elfu thelathini", hata likiwa "hakuna", umepata kitu ambacho wenzako wengi hawana: hesabu ya kweli ya kupangia.

Sasa wewe wa kidato cha nne, au mzazi wako, maana hapa kosa mara nyingi ni la wazazi. Tangu bajeti ya mwaka 2022/23 ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali imefutwa, kama ilivyofutwa ile ya kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016. Bado kuna michango, nauli, godoro, madaftari. Sisemi ni bure kabisa. Lakini nimeona familia ya wakulima wa kawaida ikikataa nafasi ya mtoto katika shule ya serikali ili impeleke shule binafsi yenye basi la njano, kwa sababu jirani kampeleka wake huko. Miaka miwili wanajinyima. Kisha mtoto anaomba mkopo wa chuo, na Bodi ya Mikopo, katika kupima nani ana uhitaji, inaangalia pia amesoma shule gani na nani alimlipia. Mtu aliyelipa mamilioni sekondari anaanza kueleza kwamba hana kitu, na ni kweli hana, kwa sababu alishakimaliza kule. Nani atamwamini?

Shule za serikali za hapa si za kuonea haya. Ihungo iliangushwa na tetemeko la Septemba 10, 2016, ikajengwa upya, na leo yapo majengo ambayo shule nyingi za kulipia zingetamani. Nyakato, Kahororo, Rugambwa ya wasichana: majina haya yalisomesha watu kabla ya hizo zenye mabango barabarani kuzaliwa. Wanatuita nshomile, yaani wasomi, na tunacheka, ila sifa hiyo haikujengwa na basi la njano.

Kama ulisoma shule binafsi kwa kufadhiliwa, na parokia, na dayosisi, na shirika, na mjomba aliyeko Mwanza, omba sasa barua ya mfadhili ya kuipelekea Bodi, ukiwa bado shuleni na anayekufahamu yuko ofisini. Ukingoja Agosti, padri amehamishwa na ofisi ya shirika imefungwa.

Aibu nyingine ni ya TASAF. Kaya nyingi za vijiji vyetu zinapokea ruzuku ya kaya maskini, na mtoto anakwenda sekondari ya bweni akificha jambo hilo kama kidonda. Anamkataza hata mama yake asije siku ya wazazi na kanga zake. Kisha unafika wakati wa kuomba mkopo, na fomu inauliza kama kaya yenu ni mnufaika. Yuko kijana aliyejibu "hapana" kwa sababu aliyekuwa akimjazia ni mtu wa kijijini kwao. Jibu lile la kweli lingempa uzito ambao hotuba haiwezi kuupa. Mwanangu, mama aliyesimama kwenye mstari wa TASAF ili wewe ule amekupa ushahidi. Utumie. Namba ya kaya ulizia kwa mtendaji wa kijiji, iandike kwenye daftari lako.

Nije kwenye makaratasi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo fedha nyingi za wanafunzi wa Kagera zinapopotelea. Twende kwenye steshenari yoyote ya Muleba mjini au ya Bukoba karibu na stendi, wiki ya mwisho ya kuomba mikopo. Vijana wamejipanga hadi nje, kila mmoja na bahasha ya kaki. Ndani kuna kompyuta mbili, moja imekwama. Kijana wa steshenari anajaza fomu ya mwanafunzi wa ishirini siku hiyo, anauliza majina bila kuinua kichwa. "Baba anaitwa nani?" Anajibiwa, anaandika. Cheti cha kuzaliwa kinasema Rwegasira. Cheti cha kidato cha nne kinasema Lwegasira. Mwandikaji wa zamani alisikia "r", mwalimu wa darasa la saba alisikia "l", na kwa miaka kumi hakuna aliyejali. Mtandao unajali. Sasa inatakiwa hati ya kiapo kwa wakili, uhakiki wa cheti RITA unarudi na kasoro, siku zinakatika, na kila karatasi ina bei yake. Wengine wamekuja bila cheti cha kuzaliwa kabisa, wana kile cha ubatizo.

Jambo hilo lote lilikuwa la kumalizwa kidato cha tano, likizo ya Desemba, bila foleni. Toa cheti cha kuzaliwa, weka kando cheti cha kidato cha nne, soma herufi moja moja. Kama mzazi amefariki, cheti chake cha kifo nacho kitafutwe na kihakikiwe RITA mapema. Kitambulisho cha NIDA au namba yake usingoje, kwa sababu katika mkoa wa mpakani kama wetu maswali ya uraia huwa mengi kuliko ya Morogoro, na majibu yanataka wazee wa kijiji wanaokufahamu. Mwenyekiti wa kijiji mjue, akujue, umsalimie kabla hujamhitaji. Mdhamini wako mwambie mapema, umweleze anadhamini nini. Usimshtukize na karatasi ya kutia saini akiwa njiani kwenda shamba.

Tena usisahau JKT. Ukimaliza mtihani mwezi wa tano unaweza kuitwa kambini kwa mujibu wa sheria, na miezi hiyo ndiyo ya kuomba chuo na mkopo. Aliyeacha bahasha iliyokamilika kwa dada yake anafanya gwaride kwa amani. Na nywila yako ya maombi usimwachie mtu wa steshenari. Yeye si mwizi, lakini ana nywila za watu mia moja kwenye daftari lililo wazi mezani. Akikupigia mtu asiyejulikana akisema yuko Bodi na kwamba utume kidogo jina lako lipite, kata simu. Bodi haiuzi majina.

Nilipotaja TASAF niliwahimiza kusema ukweli. Kuna wanaofanya kinyume chake kwa ustadi. Wako vijana wanaowaua wazazi wao kwenye karatasi. Baba yuko kibanjani anapogoa migomba, mama yuko sokoni, na kwenye maombi ya mkopo wote ni marehemu, vyeti vimetengenezwa na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Sheria inaliita kosa la jinai, na uhakiki wa RITA umekwishawanasa wengi. Mimi naliita jina jingine. Kagera ndio mkoa ulioripoti wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini, mwaka 1983. Kuna vijiji vya Muleba na Bukoba ambako bibi alilea wajukuu saba peke yake baada ya kuzika watoto wake wote. Hapa kwetu yatima ana sura, ana jina, tunajua nyumba yake. Kijana wa mkoa huu anayejifanya yatima ili achukue fungu la mtoto wa jirani aliyezikiwa wazazi kweli, sina nasaha ya kumpa zaidi ya kumwambia aache, na mzazi anayemsaidia aone haya.

Tuje kwenye kuchagua. Ada ya shahada katika vyuo vikuu vya umma, kwa kozi nyingi, huzunguka kati ya shilingi milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka. Udaktari katika chuo binafsi unaweza kupita milioni tano. Tofauti hiyo ni kibanja kizima. Kwa hiyo alama zako za kidato cha sita ndiyo fedha ya kwanza unayoweza kuichuma kwa mkono wako mwenyewe, kwa sababu ndizo zinazokuingiza chuo cha umma kwenye kozi yenye ushindani. Kwa waliosoma sayansi upo pia ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23, kwa wanaofaulu juu zaidi na kwenda kusoma sayansi, uhandisi, hisabati au tiba. Ule haurejeshwi. Wanaoupata ni mamia tu nchi nzima, kwa hiyo usiupangie bajeti. Lakini saa ya kusoma usiku pale Ihungo au Rugambwa ina thamani ya shilingi, hata kama hakuna anayekulipa leo.

Halafu kuna swali ambalo wazazi wengi wa hapa hawapendi kulisikia: je, lazima shahada, na lazima sasa? Kijana wa kidato cha nne mwenye alama nzuri za baiolojia na kemia anaweza kusoma stashahada ya afya kwa miaka mitatu. Vyuo vya Rubya na Ndolage viko humu humu Muleba, kando ya hospitali ambazo babu zetu walitibiwa. Tangu 2023/24 Bodi inakopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, afya ikiwemo. Anayepitia njia hiyo anaweza kuwa kazini wakati mwenzake bado yuko chuo kikuu, na shahada akaisoma baadaye kwa mshahara wake. Chuo Kikuu Huria nacho kina kituo Bukoba, na mwalimu au karani anayelala kwake, anayekula ndizi za kwake, hana kodi ya chumba cha Sinza, Dar es Salaam. Kule Itahwa, kata ya Karabagaine, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikijenga kampasi. Mdogo wako aliyeko kidato cha pili aitupie macho.

Ukiambiwa Uganda ni rahisi, huenda ni kweli kwa ada. Ila kabla hujavuka Mutukula na begi, ulizia Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kama chuo hicho na kozi hiyo vinatambuliwa, na ufuate utaratibu wao wa wanaosoma nje. Shahada nafuu isiyotambuliwa ndiyo ghali kuliko zote.

Kwa wanaokwenda mbali, nauli nayo ihesabiwe. Kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 1,400 kwa basi. Mwanza iko karibu zaidi, na kuna meli. Ukiwa na kozi ile ile katika miji miwili, sina haja ya kukufundisha kujumlisha.

Hapa niseme na wazazi kuhusu sherehe. Mahafali ya kidato cha sita yamekuwa arusi ndogo: sare ya familia, keki, gari la kukodi, mpiga picha, kamati, kadi za mchango. Watu walewale wanaotoa elfu ishirini kwa ajili ya keki watakuwa wamechoka Novemba ukiwaomba ada. Sina ugomvi na furaha ya watu. Lakini ukoo unaoweza kukusanya fedha za msiba kwa siku moja kupitia kikundi cha kufa na kuzikana unaweza kukutana Julai kumchangia mtoto hai. Mtoto mwenyewe ndiye aanze: amwambie mama, "Maawe, keki tuache, mniandikie kwenye daftari la ada." Kauli hiyo ikitoka kwa mhitimu, hakuna shangazi atakayeweza kuibishia. Ikitoka kwa baba, ataitwa bahili hadi Krismasi.

Ukipata mkopo, usiuite "hela ya serikali". Ni deni lako. Bodi iliundwa kwa sheria ya 2004, ikaanza kazi 2005, na sehemu ya fedha inayokopesha leo ni ile inayorudishwa na waliokopa jana. Ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliyowatesa watangulizi wenu, Rais Samia alitangaza kuifuta Mei Mosi ya 2021, kwa hiyo kisingizio kimoja kimepungua. Mkopaji anayejificha baada ya kuhitimu anamnyima mtoto wa kijijini kwake, na huwa ndiye wa kwanza kulalamika mdogo wake akikosa. Kopa unachohitaji. Kama wazazi wanaweza kulipa ada na wewe umepewa ya chakula na malazi, mshukuru Mungu, deni lako litakuwa dogo.

Na bumu, mwanangu. Fedha ya chakula na malazi ilishapanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Inakuja kwa mkupuo, na mkupuo una mashetani wake. Mwanafunzi ambaye maisha yake yote hajashika laki tatu anasaini, na kwa wiki mbili ni tajiri: simu mpya, viatu, kubeti mechi za Jumamosi, kumtumia rafiki. Kisha anampigia mama, na mama anamwita mtu wa butura. Hivyo ndivyo kahawa ya kijijini inavyolipa mikeka ya kubeti ya mjini, bila mwenye kahawa kujua. Igawe kwa wiki siku ile ile unayoipokea. Kama huna nguvu ya kujizuia, na wengi hatuna tukiwa na miaka ishirini, mpe nusu dada anayeogopwa aliyeko mjini, akutumie kila Jumatatu.

Wengine hupunguza gharama kwa kubebana, wawili au watatu katika kitanda cha mmoja hosteli. Kanuni za vyuo zinakataza, na kitanda cha futi mbili na nusu nacho kinakataza. Ni afadhali kupanga chumba nje mkiwa watatu mnaoaminiana, mkataba ukaandikwa kwa majina yenu yote, kuliko kuishi mwaka mzima ukijificha kwa mlinzi.

Mwisho, jambo dogo linaloumiza wengi: mkupuo wa kwanza huweza kuchelewa wiki kadhaa baada ya kuripoti, kwa sababu ya usajili, kusaini na majina kuhakikiwa. Kwa hiyo kahawa iliyobaki ikipelekwa chama cha msingi na malipo yakatoka, tengeni kwanza nauli na chakula cha mwezi mmoja, fedha hiyo akae nayo mama. Beba maharage, unga na dagaa. Jiko na sufuria usinunue dukani wiki ya kwanza. Ulizia kwa wanafunzi wa Kagera wa mwaka wa tatu, wanajua nani kaacha vyombo na anauza shilingi ngapi.